Mashine Iliyosikia Bila Kusema

Kifaa cha umeme kilichoungua kina harufu yake, na mtu akishaizoea hawezi kuichanganya na nyingine. Si harufu ya kuni, wala ya plastiki iliyoangukia jikoni. Ni kitu kati ya kucha iliyochomwa na sukari iliyosahauliwa sufuriani mpaka ikawa nyeusi, na inakaa juu ya ulimi kuliko puani. Siku hizi naisikia mara kwa mara katika kibanda changu cha ufundi hapa Njombe mjini, watu wanaponiletea inveta na chaja za sola walizoziunganisha kinyume. Mara ya kwanza niliisikia nyumbani kwetu kijijini, jirani na misheni, katika kipupwe cha mwaka aliofariki mama. Nilikuwa darasa la sita. Asubuhi ile sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ilikuwa imeunguza majani ya viazi, na waombolezaji wa mwisho walikuwa wameondoka jana yake wakiwa wamebeba masufuria yao. Niliingia katika chumba kidogo cha mashine, nikavuta pumzi, nikajua kuna kitu kimeharibika mle ndani. Nakiri kwamba tangu tulipotoka makaburini hicho ndicho kitu cha kwanza kilichonishtua. Habari ya mama nilikuwa naijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika.

Mashine ndilo jina tulilotumia nyumbani. Majirani waliiita simu ya upepo. Ilikuwa redio ya kuzungumzia, sanduku la chuma la kijivu lenye vitufe vingi na kipaza sauti cha kushika mkononi, iliyoletwa na padre mmoja mgeni ambaye jioni baada ya sala alipenda kuzungumza na wapenzi wenzake wa redio katika nchi za mbali. Mama alikuwa akifanya usafi ofisini kwake, na kwa kusikiliza tu akajifunza kuitumia. Padre aliporudi kwao, parokia ikakubali mashine ihamie kwetu, kwa kuwa nyumba yetu iko juu ya kilima na waya wa antena ungeweza kufungwa kati ya mianzi miwili mirefu bila kizuizi. Minara ya simu ilikuwa bado haijafika upande wetu. Wagonjwa wa kijiji walikuwa wakipelekwa mbali, kwenye hospitali ya misheni kule Makete, na aliyebaki nyumbani hakuwa na njia ya kujua kama mtu wake amepasuliwa salama au la. Basi kila jioni jua likikaribia kuzama, Sista Redempta, muuguzi aliyeshika redio ya hospitali, alimwita mama. Hospitali ilijiita Daraja. Sisi tulijiita Mwanzi. Kulikuwa na kituo cha tatu kwa Mzee Haule, mwalimu mstaafu wa Ludewa upande wa Liganga, kwenye milima yenye madini ya chuma, naye alijiita Chuma. Mama alipokea habari za wagonjwa, akatutuma nyumba kwa nyumba kuzifikisha, kisha akabaki hewani akipiga soga. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Nyumbani kwetu baba alisema kidogo kwa sababu nafasi ya kusema ilikuwa imeshachukuliwa.

Mama aliugua kifua, akafariki kabla hatujamaliza kuamini kwamba anaumwa. Watu walijaa uani. Kinamama walipika katika banda la nyuma tangu alfajiri mpaka usiku, na kwa kuwa banda halikuwa na taa, betri ya gari iliyokuwa ikiendesha mashine ilitolewa chumbani ikawekwa karibu na mafiga ili iwashe balbu. Ilikaa pale siku zote za matanga, pamoja na nyaya zake. Kuni zilikuwa za miti ya miwati, mibichi bado, moshi wake mzito. Matanga yalipokwisha, baba mdogo Festo, mtu mpole asiyependa kuacha kitu cha marehemu kikizagaa, aliibeba betri akairudisha chumbani, akaifuta kwa kitambaa, akafunga nyaya mahali pake. Tatizo ni kwamba waya mwekundu haukuwa tena mwekundu. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi kwa masizi, zimenata mafuta, huwezi kuzitofautisha. Akachagua. Chanya ikaenda kwenye hasi. Mahali pa fyuzi, ambayo ingekatika na kuiokoa mashine yote, palikuwa na kipande cha waya wa shaba. Hicho alikiweka mama mwenyewe zamani kidogo, fyuzi ilipokatika na dukani hakuna nyingine. Mimi ni mtu ninayeangalia kitasa cha mlango mara mbili, na hata leo, kwa upendo wote nilio nao kwake, kile kipande cha shaba kinanikera.

Baba mdogo hakuambiwa. Baba aliangalia zile nyaya, akaangalia vidole vyangu vilivyokuwa vyeusi baada ya kuzishika, akasema, "Usimwambie. Alikuwa anatusaidia." Kisha akaenda kupalilia viazi. Hakuna aliyeniomba nitengeneze mashine. Nilianza kwa sababu nilikuwa sijui la kufanya na mikono yangu, na kwa sababu kitu kilichoharibika kikiwa karibu nami sipati usingizi. Mama alikuwa na mita ya kupimia umeme aliyoachiwa na padre, na kitabu cha mashine cha Kiingereza chenye michoro. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita, lakini michoro haina lugha. Kila siku nikitoka shule nilifungua kifuniko, nikafuata njia ya umeme kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, kutoka mahali waya unapoingia. Nikikosea hatua moja narudi mwanzo kabisa, hata kama nilikuwa na hakika na zile za nyuma. Nilikuwa natumia muda mwingi kupima vitu vizima.

Hatimaye niliikuta dayodi iliyokuwa mlangoni mwa umeme imepasuka tumbo. Kazi yake ni kama ya askari wa getini: nyaya zikigeuzwa, inajifunga yenyewe kati ya chanya na hasi ili fyuzi ikatike. Fyuzi haikuwepo, kwa hiyo askari akaungua akiwa ameshikilia geti. Niliikata kwa mkasi wa kucha. Nilisafisha nyaya kwa maji ya moto na sabuni mpaka ule wekundu ukaonekana, nikafunga fundo la uzi kwenye chanya ili hata kipofu aitambue, nikaunganisha. Nikaondoa mkono. Nikarudisha mkono, nikakagua tena. Nilipozungusha kitufe, taa ndogo ya njano ikawaka, na chumba kikajaa ule mvumo wa hewani unaofanana na mvua juu ya bati la mbali. Wakati wa kuitana ulipofika, sauti ya Sista Redempta ikaingia safi kabisa.

"Mwanzi, Mwanzi, hapa Daraja. Kamwene, Mama Imelda."

Kamwene ni salamu ya kwetu, na Imelda ni mimi. Nilichukua kipaza sauti, nikabonyeza. Mshale ambao ulipaswa kupanda haukupanda. Nilibonyeza tena na tena. Baadaye kitabu kilinieleza sababu, na ni sababu rahisi. Baba mdogo alipounganisha betri, mashine ilikuwa imezimwa kwa kitufe. Sehemu ya kusikiliza ilikuwa imelala nyuma ya kitufe hicho, ikasalimika. Sehemu ya kusema haina kitufe. Umeme wa betri unaifikia moja kwa moja wakati wote, iwe imewashwa au imezimwa, na zile transista mbili kubwa zinazosukuma sauti kwenda nje zilikuwa zimeungua. Tulikuwa na mashine inayosikia bila kusema.

"Mwanzi bado kimya," Sista alisema jioni ile.

"Ni betri," Mzee Haule akajibu kutoka Ludewa. "Nilimwambia Mama Imelda aipumzishe. Mtu anayesema vile, hata betri ya trekta haimtoshi."

"Akirudi atakujibu mwenyewe. Mimi simo."

"Ajibu tu. Nimeshamwekea maneno ya mwezi mzima."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawajui. Mashine ilikuwa imenyamaza siku zilezile alizofariki, na wao walifikiri kilichokufa ni mashine. Paroko alidhani baba ameshawaarifu. Barua ingeweza kufika, lakini hakuna aliyeiandika. Kule Makete na kule Ludewa mama yangu alikuwa mzima, amekasirika na betri yake, na anasubiriwa.

Jioni iliyofuata baba alikuja akaketi. Hakuketi kwenye kiti cha mama. Alikaa mlangoni juu ya kigoda, nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyepita tu. Hakuniuliza nimefikia wapi. Tukawasikiliza. Baada ya hapo alikuja kila jioni, na mimi nikawa nimeshawasha mashine kabla hajafika. Sista akitaja kwamba fulani wa kijiji chetu ameruhusiwa kutoka, akiongeza kila mara kwamba labda Mwanzi anasikia, baba alinyanyuka akaenda kuwaambia ndugu wa mgonjwa, kisha akarudi upesi ili asipitwe na soga. Nao walimsema mama kila siku. Walikumbushana alivyombishia padre kuhusu kulima siku ya sikukuu. Mzee Haule aliiga namna yake ya kucheka, akaiiga vibaya, na baba akacheka. Ilikuwa sauti fupi, kama kikohozi. Nilimtazama, naye akaangalia nje kwenye miwati. Nyumba nyingine zote kijijini zilikuwa zimeshaanza kumwita mama marehemu. Katika kile chumba tu hakuwa marehemu.

Nilijua kabisa ni nini kimekufa ndani ya mashine. Nilikuwa nimeshazipima zile transista, nikasoma namba zake, na kila mtu alijua kwamba Makambako kuna mafundi wanaofungua redio za malori. Mimi ambaye siwezi kuacha uzi ukining'inia kwenye sketi ya shule, niliacha kazi hiyo nusu. Nilisafisha vitu visivyo na vumbi. Nilikaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Baba aliniona nikifanya hivyo na hakunihimiza. Hatukuzungumza juu yake, lakini wote wawili tulijua kwamba siku mashine itakaposema, kuna neno moja tu la kusema. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nalia kitandani. Sikulia. Nilikuwa nasikia baridi kwenye vidole, nikala ugali niliopewa, nikafanya hesabu za shule zote nikapata. Mwalimu alinisifu darasani kwa uvumilivu, nikaona haya, kwa sababu sikuwa navumilia kitu chochote.

Kisha jioni moja Sista Redempta alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Alisema mwisho wa mwezi gari la hospitali litashuka Njombe kuchukua dawa, naye ameomba nafasi.

"Nitapita kwa Mama Imelda nimwone kwa macho yangu. Nimemfumia sweta. Kila siku analalamika baridi, na yeye ndiye aliyezaliwa huko."

"Lina mikono mirefu?" Mzee Haule akauliza.

"Mirefu, na nimeongeza kidogo kifuani, maana anasema amenenepa. Wewe usimwambie."

"Nimwambie kwa njia gani, na mashine yake mbovu?"

Walicheka wote wawili. Baba alisimama kutoka kwenye kigoda, akaja mpaka mezani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akigusa mashine. Aliizima. Alisimama ameweka kiganja juu yake kama anavyopima joto la ng'ombe mgonjwa.

"Hicho kinachokosekana," akasema, "Makambako kipo?"

Nikasema huenda kipo.

"Basi kesho shule hutakwenda."

Tuliifunga mashine ndani ya blanketi, tukapanda gari la asubuhi. Makambako ni mji wa njia panda. Malori yanayokwenda Mbeya na yanayokwenda Songea yanaachana pale, reli inapita, na upepo wake ni mkavu, hauna ukungu wa kwetu. Fundi tuliyeelekezwa alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya sufu, kibanda chake kimejaa redio za madereva zilizofumuliwa. Aliifungua mashine, akanusa, akatikisa kichwa.

"Nani kageuza nyaya hapa?" akauliza. "Alikuwa amefumba macho?"

Baba hakukasirika. "Zilikuwa na masizi. Betri iliwashia taa msibani."

"Msiba wa nani, mzee?"

Nilikuwa nimeshika pembe ya blanketi. Tangu mazishi sikuwahi kumsikia baba akilisema jambo lile kwa mdomo wake. Kijijini haikuhitajika, kila mtu alikuwepo.

"Wa mke wangu," baba akasema. "Mashine ni yake."

Fundi alivua kofia, akaiweka mezani kati ya skrubu. Akasema pole kwa sauti ya chini, na baada ya hapo hakutania tena. Alipekua ndoo ya mabaki kwa muda mrefu. Nakiri nilitamani aseme hana. Alizipata transista mbili, kutoka kwenye redio ya lori lililoanguka, na dayodi nyingine, na fyuzi ya kweli. Baba alimwambia kwamba aliyeifungua na kuikagua ni mimi. Fundi akaniuliza nilijuaje kuikata dayodi, nikamweleza, akanisogezea kiti na chuma cha kulehemu. Sikuwahi kushika kile chuma. Niliyeyusha risasi ya kulehemu kwenye mguu wa kwanza wa transista, nikaona haing'ai vizuri, nikaiyeyusha upya, kisha tena.

"Mdogo wangu, imeshashika," fundi akasema. "Ukizidi kuichoma utaiua na hii."

Nikaondoa mkono. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko kulehemu.

Tulirudi kabla jua halijazama. Niliunganisha betri huku nikitamka kwa sauti, chanya kwenye chanya, hasi kwenye hasi, na baba akirudia nyuma yangu kama tunasali. Nilibonyeza, mshale ukapanda. Baba akaketi kwenye kiti cha mama. Alikuwa amevaa koti la kwendea kanisani. Sista alipoita, aliacha aite mara ya pili, ndipo akabonyeza.

"Daraja, hapa Mwanzi. Nawasikia."

Walizungumza kwa pamoja, sauti zao zikagongana, hata hatukusikia walivyoanza. Kisha Mzee Haule akapenya. "Baba Imelda! Leo umeruhusiwa kuishika? Mwenye mashine yuko wapi?"

Baba alibonyeza. Nilisikia kitufe kikilia. Kule walikokuwa walisikia kwanza pumzi yake.

"Mwenye mashine tumemzika," akasema, akaachia.

Ukaja mvumo mtupu. Kisha Sista Redempta, kwa sauti ya kazi isiyo na chochote ndani yake, akasema, "Rudia, Mwanzi."

Ilikuwa desturi yao. Habari ya mgonjwa husemwa mara mbili, na anayeipokea huisema tena kama alivyoisikia, ili lisipotee neno. Wakati ule nilimchukia kwa kuomba hivyo. Baba akarudia, safari hii polepole, akataja jina lake kamili la ubatizo, akataja kifua, akataja kaburi lililo nyuma ya kanisa. Alipomaliza, Sista akaisema yote kuanzia mwanzo, neno kwa neno, mpaka kwenye jina. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya jina. Na mimi, niliyekuwepo kando ya kitanda chake, niliyekuwepo makaburini, niliyeshika udongo kwa mkono wangu nikautupa, nilipata habari kwamba mama amefariki wakati ule, kwa sauti ya mtu aliye milima mingi mbali ambaye sikuwahi kumwona. Nikakaa chini sakafuni karibu na betri, na baba, bila kugeuka, akaweka mkono juu ya kichwa changu na kuuacha hapo, huku Mzee Haule akijaribu kusema pole na kushindwa.

Sasa naishi mjini, na kazi yangu ni hii niliyojifunza mwenyewe. Minara imefika kila kilima, mpaka Makete, mpaka Ludewa, na sidai kwamba zamani kulikuwa bora. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji leo, watu wake wanajua kabla hajazinduka, na ningekuwa mpumbavu kutamani hilo lisiwepo. Lakini mwaka jana shangazi alipofariki, habari iliingia kwenye kundi la ukoo la simu nikiwa nimeinamia inveta ya mteja. Niliisoma, nikaandika poleni sana chini ya poleni nyingine, nikaendelea kulehemu, na jioni nikagundua kwamba sikumbuki nilikuwa nimeketi upande gani wa meza nilipoisoma. Ndugu wa Dar es Salaam na wa Songea na mimi tulipata habari ile kwa dakika ileile, na kwa dakika ileile akawa amekwisha kwetu sote. Mama yangu alifariki kwanza kijijini, kisha baadaye sana Makete na Ludewa, na kati ya vifo hivyo viwili palikuwa na majuma ambayo tuliweza kuketi, baba mlangoni na mimi mezani, tukamsikia akitajwa na watu waliokuwa na hakika kwamba watamwona. Sijui kama majuma yale yalitusaidia au yalituchelewesha. Nimelifikiria sana, kwa namna yangu ya kupima kila kitu mara mbili. Ninachojua ni kwamba watu wa siku hizi wakifa, wanakufa kila mahali kwa wakati mmoja, na hakuna mahali panapobaki ambapo bado wanatarajiwa.